Siku Kumi za Ubaoni

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Mteja akiniuliza kama mikate ni ya leo ilhali anaiona inatoa moshi mbele ya pua yake, namjibu vibaya. Unga nausubiri uumuke, maana unga hauna ubishi, lakini binadamu siwezi kumsubiri. Mke wangu Nila analijua hilo, na mji mzima wa Santa Marcela unalijua.

Nasema "mke wangu" na neno hilo lina kisa. Mwaka jana, karibu mwaka mzima, hakuwa mke wangu. Tena si kwamba tuliachana. Niliambiwa kwamba hakuwahi kuwa mke wangu hata siku moja, mimi niliyekaa naye miaka ishirini na tano na kumlea naye binti mpaka akawa mwalimu.

Asubuhi moja ya Machi nilikuwa napanga pandesali, ile mikate yetu midogo, kwenye kabati la kioo, akaja mzee mmoja mwembamba, kavaa miwani ya jua na saa kubwa ya dhahabu ya bandia, akasimama mbele ya duka.

"Hodi, kaka Pulo," akasema. "Nimekuja kumwona Nila. Mimi ni Pidong."

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja mwenyeji augue. Pidong ndiye aliyekuwa mume wa kwanza wa Nila. Alikwenda Saudia kujenga barabara, akaandika barua mwaka mmoja, kisha kimya. Kimya cha miaka zaidi ya thelathini! Nikashika kijiti cha kusukumia unga.

"Ondoka hapa," nikamwambia. "Ondoka kabla sijakukanda."

"Kaka, sijaja kwa ubaya. Nataka kuoa."

"Kuoa nani? Nila?"

"Hasha! Kuna muuguzi mmoja nimeishi naye kule miaka yote, naye ni wa huku huku kwetu. Tumezeeka, tunataka kanisa. Ila wakili anasema kwanza mahakama itamke kwamba ndoa yangu na Nila ilikuwa batili. Nila atatakiwa kuja kusema ukweli tu."

Nila alikuwa ameshatoka nyuma, mikono imejaa unga. Akamtazama yule mtu kwa muda, kama anayemtafuta kijana fulani ndani ya yule mzee. "Umekonda, Pidong," akasema. "Keti unywe kahawa." Akamkatia na mkate. Mkate wangu!

Lazima nieleze ile ndoa yao ilivyokuwa, maana kisa chote kimejificha humo. Sisi kwetu ndugu wawili hawafungi ndoa mwaka mmoja. Ni mwiko, tunauita sukob. Wanasema ndoa mbili zikiingia chini ya paa la mwaka mmoja, moja inaikata nyingine pumzi. Mimi nacheka mambo hayo, lakini marehemu mama mkwe wangu hakuwa akicheka. Dada yake Nila, Senda, alikuwa amepangiwa harusi ya Januari, kwa sababu mchumba wake baharia alikuwa anapata likizo mwezi huo tu. Na Pidong alikuwa na safari ya Saudia mwezi wa pili. Basi mama akapiga hesabu. Nila akiolewa Januari au Februari, ni mwaka mmoja na dada yake, balaa. Akingoja, mchumba anaondoka. Dawa ilikuwa aolewe kabla Desemba haijaisha.

Wakaenda kuomba kibali cha ndoa baada ya Krismasi. Sheria inataka majina ya wachumba yabandikwe ubaoni pale ofisi ya mji siku kumi, ili mwenye pingamizi aje aseme, ndipo kibali kitoke. Siku kumi zilikuwa zinaangukia Januari. Mama akalia mbele ya meya wa wakati huo, akampelekea na nguruwe wa kuchoma. Meya akasema, "Mama, nyamaza. Tuwafungishe tu, kibali kitafuata." Wakafungishwa tarehe thelathini. Kibali hakikufuata. Hakuna aliyekwenda kukichukua, bwana harusi akapanda ndege, mambo yakaishia hapo. Kwa kuikimbia sukob wakaangukia shimo ambalo hakuna aliyelitia maanani.

Mimi nilipompenda Nila, miaka tisa baadaye, nilikwenda kumuuliza karani mmoja pale ofisini, sasa ni marehemu. Akaniambia, "Bila kibali hakuna ndoa. Kisichofungwa utakifunguaje? Oa, kijana." Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayataka, na mtu akishapewa maneno anayoyataka haulizi tena. Jumapili Nila alinikubalia, Jumatatu nikawa dirishani pale ofisi ya mji naomba kibali. Yeye alikuwa shambani kwa mama yake wakivuna nazi. Siku kumi zilipokwisha na kibali kikatoka, nikamfuata huko huko na pikipiki ya kukodi, nikamrudisha na tope miguuni, jioni tukawa mtu na mkewe. Nilikuwa najisifia kasi hiyo miaka yote.

Basi tukaenda pamoja na Pidong kwa wakili wake, binti mdogo anaitwa Quiambao, ofisi yake ipo juu ya duka la dawa. Nilikwenda nikidhani tunakwenda kumsaidia Pidong. Nila akaeleza yote. Wakili akaandika, kisha akaweka kalamu chini.

"Mama Nila, hii ya kwanza ni batili, haina ubishi. Hakukuwa na kibali. Lakini kuna jambo lingine." Akanitazama kwa huruma, nami sipendi kutazamwa hivyo. "Sheria ya sasa inasema si wewe wa kuamua kwamba ndoa yako ni batili. Mahakama itamke kwanza, ndipo uolewe tena. Wewe uliolewa na mzee Pulo kabla haijatamka. Kwa hiyo na hii ya pili ni batili."

"Ngoja," nikasema. "Ngoja kwanza. Ya kwanza si ndoa?"

"Si ndoa."

"Na yangu si ndoa, kwa sababu ya hiyo ambayo si ndoa?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo mwanamke ameolewa mara mbili na hana mume hata mmoja?"

"Kisheria, ndivyo."

Nila akacheka! Akacheka mpaka akashika meza. Mimi nikasimama, nikasema maneno ambayo siwezi kuyarudia kwa sababu duka langu linaingiwa na watawa. Kitu kisichokuwepo kinawezaje kukizuia kitu kilichopo? Yule binti akaniacha nimalize.

"Mzee Pulo," akasema, "kama kila mtu angeruhusiwa kujipimia mwenyewe kama ndoa yake ni batili au la, wanaume wa mji huu wangekuwa wote hawajaoa kila ikifika Ijumaa jioni."

Pidong akakohoa. Nikakaa chini. Nimelifikiria neno hilo sana tangu siku ile. Mtu akitaka kitu, jaji aliyemo moyoni mwake humpa ushindi kila siku. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyohukumiwa na yule karani. Nilikwenda na hukumu yangu mfukoni, yeye akaipiga muhuri tu.

Wakili akatutuliza kwamba hakuna atakayetushitaki, miaka imepita mingi mno na hakuna mwenye kinyongo. Ila tukitaka kuwa mume na mke, tungoje mahakama imalize ya Pidong, hukumu isajiliwe, kisha tuoane upya. Nikasema haya, kumbe ni rahisi.

Siku ya ushahidi nilivaa shati jeupe nikakaa benchi la nyuma. Wakili akamuuliza Nila kama aliwahi kukiona kibali cha ndoa yake na Pidong.

"Sikukiona," Nila akasema. "Nilichokiona ni tangazo. Siku ya pili baada ya harusi nilipita kwenda sokoni, nikaliona bado lipo ubaoni, jina langu na lake. Nami nishakuwa mke wa mtu."

"Ukafanya nini?"

"Nikasimama nikasoma. Limeandikwa mwenye pingamizi aje aseme."

Jaji, mwanamama wa makamo, akainua kichwa. "Na wewe ulikuwa na pingamizi, mama?"

Nila akafikiri. "Mheshimiwa," akasema, "sijui. Hakuna aliyeniuliza mpaka leo."

Pidong aliangalia viatu vyake. Mimi nikawa natafuta pa kuangalia, maana nilikumbuka pikipiki, na tope miguuni mwake, na siku zile kumi alizokuwa anavuna nazi huku jina lake likining'inia mjini asikoweza kuliona. Tukarudi nyumbani hatukuzungumza njiani, na mimi kunyamaza ni ugonjwa.

Hukumu ikatoka Oktoba. Ikasajiliwa. Mchana ule ule nikaoga, nikapaka mafuta, nikaingia jikoni.

"Haya, twende."

"Twende wapi?" Nila alikuwa anakaanga vitunguu.

"Ofisi ya mji. Tukaombe kibali tuoane."

"Nani kakwambia nataka kuolewa?"

Nilidhani ananitania. Nikamwangalia, hakuwa ananitania. "Nila, chelewa chelewa utakuta mwana si wako."

"Na haraka haraka haina baraka. Mara ya kwanza niliharakishwa na mama. Mara ya pili niliharakishwa na wewe. Nina miaka hamsini na nane, Pulo, na leo ndiyo siku ya kwanza maishani mwangu mimi si wa mtu. Niache niione kidogo inafananaje."

Niliumia. Sitasema niliudhika, niliumia hasa. Nikauliza kama hanipendi, akasema hilo ni swali lingine na vitunguu vinaungua.

Shemeji Senda alipopata habari alikuja mbio, mwanamke yule mdomo wake hauna kufuli. "Ehee! Kwa hiyo kijana hujaoa, halafu unalala nyumba moja na mwanamke asiye mkeo? Aibu iko wapi? Zamani mwanamume akitaka mke alikwenda kwao akachanja kuni, akateka maji, akaonwa. Wewe ulichanja kuni gani? Ulikuja na pikipiki!"

"Senda, nyumba ni yangu."

"Basi kalale dukani."

Nikalala dukani, juu ya magunia ya unga. Na kuni nikachanja, si kwa sababu Senda kasema, bali kwa sababu nilikuwa na hasira na shoka lilikuwa karibu. Kila asubuhi nikazipanga mlangoni kwa Nila. Majirani wakawa wanapita kwa makusudi. "Mzee Pulo, umekubaliwa?" Wajinga wakubwa! Nila alikuwa anafungua dirisha, anazitazama kuni, anasema, "Za leo mbichi," anafunga.

Kisha likaja la binti yetu. Jonalyn alikuwa anaolewa Novemba ile ile, ukumbi ulishalipiwa. Senda akapiga kelele kwamba hata Nila akinikubalia kesho haiwezekani, mama na binti mwaka mmoja ni sukob tupu, atakayeumia ni mtoto. Nikamwambia sukob ndiyo iliyotufikisha hapa, kama mama yake angekuwa na ubavu wa kuidharau tusingekuwa na kesi wala Pidong kunywa kahawa yangu. Nikamgeukia Jonalyn anisaidie, mwalimu yule, msomi.

"Mimi siamini mambo hayo, baba," akasema. "Lakini..."

Hiyo "lakini" ilinimaliza. Mtoto niliyembeba mgongoni! Nikajiona nikifikiria ndoa yake ikivunjika, halafu watu waseme ni baba yake, hakuweza kungoja. Siku ile ndipo nilipomwelewa marehemu mama mkwe. Hakuwa mjinga. Alikuwa na mabinti wawili na hofu.

"Basi Januari," nikasema. "Kama Nila atataka."

Nila alikuwa kwenye ngazi, anatusikiliza. Usiku huo alinitumia blanketi kwa mkono wa Senda.

Jonalyn akaolewa vizuri, tukacheza, Nila akacheza na mimi nyimbo mbili. Januari ilipoingia alikuja dukani mwenyewe akasema, "Twende tukaombe hicho kibali. Kuomba si kuolewa." Dirishani karani akamuuliza hali yake ya ndoa. "Sijaolewa," akajibu kwa sauti, akanyoosha shingo kama msichana. Nami nikaulizwa. "Sijaoa," nikasema, na ulimi ukagoma katikati.

Tukalazimishwa kuhudhuria na semina ya wachumba, tumekaa sisi wazee wawili katikati ya vijana, muuguzi anatufundisha kupanga uzazi kwa kutumia ndizi. Nila aliandika kila kitu. Alinong'ona, "Sikiliza, Pulo, umechelewa somo." Nilicheka mara ya kwanza tangu Machi.

Majina yetu yakabandikwa. Sasa hapo ndipo nilipoteseka. Kila asubuhi, akitoka misa, Nila hakuja moja kwa moja nyumbani. Alipita ofisi ya mji. Nilijua kwa sababu wateja waliniambia bila kuulizwa: "Tumemwona mama Nila ubaoni." Anafanya nini? "Anasoma." Anasoma nini kila siku, karatasi ni ile ile!

Siku moja nilishindwa, nikaiacha mikate tanurini nikaenda. Nikamwona kweli amesimama mbele ya ubao na mwavuli wake, peke yake. Nilitaka kumwita. Nilishafungua mdomo. Halafu nikakumbuka yule msichana wa zamani, siku ya pili ya ndoa yake, kasimama hapo hapo anasoma kwamba mwenye pingamizi aje aseme, na mlango wa kusemea ulishafungwa na nguruwe wa kuchoma. Nikaelewa kwamba siku kumi zile watu wote tumedhani ni za majirani, za wambea, za mume wa zamani kuibuka. Kumbe zilikuwa zake. Nikafumba mdomo wangu, nikarudi polepole. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa kuliko siku nilipopasuliwa tumbo hospitali. Mikate iliungua yote.

Kibali kilipotoka alikwenda kukichukua peke yake. Nilikuwa nakanda unga nilipomwona anaingia nacho, kakishika kwa ncha za vidole.

"Kimetoka," akasema.

"Vizuri," nikasema.

"Wamesema kinafaa miezi minne."

Mwili mzima uliniwasha. Ofisi ya mji ilikuwa wazi, meya nilimwona kwa macho yangu asubuhi akinunua mkate, na shati langu jeupe lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango tangu Oktoba. Nikaukanda ule unga mpaka ukalia.

"Miezi minne si mingi," nikasema. "Ukiwa tayari utaniambia. Nipo."

Nila akanitazama. Akaja akaniwekea mkono kwenye paji la uso. "Pulo, unaumwa?"

"Siumwi."

"Umesema utangoja?"

"Nimesema nitangoja. Usinirudishe rudishe nitabadilisha maneno!"

Akavuta kiti akakaa, akakiweka kibali juu ya meza mbali na unga. "Nimeisoma ile karatasi kila siku," akasema. "Nikawa najiuliza, Nila, pingamizi unalo? Siku ya kwanza nilikuwa nalo. Ya pili pia. Hasira zako, makelele yako, ile pikipiki. Halafu siku moja nikakuona umekuja, ukadhani sikuoni. Kioo cha dirisha la ofisi kilikuonyesha mzima mzima, na aproni yako. Nikasema sasa ataniita. Hukuniita." Akasimama. "Vaa shati."

"Lipi?"

"Lile la nyuma ya mlango, unadhani silioni? Vaa, twende."

"Na unga huu?"

"Si uumuke!"

Senda na Jonalyn walisimama mashahidi, Senda analia kama kafiwa. Meya akasoma maneno yake, nikajibu la kwangu kabla hajamaliza kuuliza, watu wakacheka. Kisha akamgeukia Nila, akamuuliza kama ananikubali mimi, Crispulo, kuwa mumewe kwa hiari yake mwenyewe. Nila alivuta pumzi, akatazama dirishani, akanitazama mimi, akatazama tena dirishani. Alifanya makusudi, namjua. Jasho lilinitoka mpaka mgongoni, nami nikangoja.

"Namkubali," akasema. "Ila niandikieni hapo kwamba leo nimeulizwa."